Mjusi mwenye ndevu aliyekomaa amehamia kwetu Nakuru: siku ya tisa sasa hajala

Mkaazi wa Section 58, Nakuru

Salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kumpokea mjusi mwenye ndevu aliyekwisha kukomaa katika nyumba ya watu wengine, si yule aliyelelewa nao tangu udogoni. Wetu ni dume wa umri wa miaka mitano hivi, wa ile aina ya Australia ambayo wataalamu huiita *Pogona vitticeps*, na urefu wake kutoka puani hadi ncha ya mkia ni sentimita 48. Familia iliyokuwa naye imehama nchi, nasi tukakubali kumchukua kwa sababu binti yangu wa miaka minane alikuwa amemzoea kwa kumtembelea mara kwa mara. Alifika Jumamosi ya wiki iliyopita pamoja na kizimba chake cha kioo, taa zake mbili na bahasha ya karatasi zake.

Nitaeleza tuliyoyafanya bila kuficha, ili mnisahihishe. Siku hiyohiyo nilikiosha kizimba chote kwa maji moto na sabuni, nikatupa gogo lake na vitambaa vyake kwa kuwa vilikuwa vimechakaa, nikamtandikia mchanga safi wa mtoni ili ajione yuko jangwani kwao. Kizimba nilikiweka sebuleni karibu na dirisha ili apate jua. Jioni hiyo majirani walikuja kumtazama, na watoto wao wakambeba kwa zamu.

Tangu hapo amejibanza nyuma ya jiwe. Ndevu zake hugeuka nyeusi kila mtu anapopita, na wakati mwingine hukwaruza kioo kwa kucha kana kwamba anatafuta mlango. Nimempa sukuma wiki, karoti na panzi walio hai, lakini havigusi, ilhali mwenyewe wa zamani aliniambia kwamba alikuwa akila mkononi mwake kila asubuhi. Siku ya kwanza nilimpima kwa mizani ya jikoni akawa na gramu 412, na leo ana 398. Je, anawalilia watu wake? Nimlazimishe kula kwa bomba la sindano? Ni lini nianze kuogopa? Naumia kila ninapomtazama.

Mfugaji wa Kisumu

Dada, pokea pole zangu, na usijilaumu, kwa maana karibu yote uliyoyafanya hufanywa na kila mtu mwenye moyo mwema anayempokea mnyama huyu kwa mara ya kwanza. Mimi nimeishi na mmoja kwa miaka sita, naye pia alinifikia akiwa mkubwa. Siku zake kumi na tatu za kwanza hakutia kitu kinywani. Mjusi mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki moja au mbili bila kula baada ya kuhamishwa na asidhurike, mradi mwili wake ni mnene na ana maji ya kutosha. Kwa hiyo weka kando bomba la sindano. Kumfungua kinywa kwa nguvu kutamfundisha kwamba mkono wako ni adui, na hilo huchukua miezi kulifuta.

Lakini kabla sijasema lolote kuhusu huzuni yake, naomba uniambie mambo mawili ambayo hukuyataja. Je, jiwe analootea joto, pale juu chini ya taa, lina nyuzi ngapi? Na saa kumi na moja alfajiri, ndani ya kizimba kuna nyuzi ngapi? Tafadhali usikadirie kwa mkono. Tafuta kipimajoto, ukiweke palepale anapolalia tumbo, ungoje nusu saa, kisha usome.

Mkaazi wa Section 58, Nakuru

Asante sana, kaka. Nimepima jana mchana na leo alfajiri. Juu ya jiwe ni nyuzi 31. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 15. Taa zote mbili huwa nazizima saa moja jioni.

Mfugaji wa Kisumu

Basi tumelipata. Mjusi wako hasusi chakula, ana baridi.

Mnyama huyu hana joto lake mwenyewe la mwilini. Tumbo lake hupika chakula kwa joto analolitwaa nje, na kwao, katika nyika kavu za ndani ya Australia, hulala juu ya mawe na magogo yaliyochomwa na jua hadi mwili upate moto wa kutosha. Mkubwa kama huyo anahitaji mahali pa kuotea penye nyuzi 38 hadi 42 juu ya jiwe lenyewe, na upande wa pili wa kizimba uwe na nyuzi 24 hadi 27 ili aweze kwenda kupoa anapotaka. Akila akiwa na nyuzi 31, chakula kitakaa tumboni bila kusagika, na huenda kikaoza humo. Mwili wake unalijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana anakataa. Kwa siku tatu zijazo usijishughulishe na sahani yake kabisa, ushughulikie joto.

Nadhani ninajua pia ni kwa nini hali imekuwa hivyo. Mimi niko mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapa Kisumu tatizo langu ni joto la mchana. Nakuru iko juu zaidi ya mita 1,800, na usiku wenu ni mkali. Kama familia ile iliishi mahali penye joto zaidi au katika nyumba iliyofungwa vizuri, taa iliyotosha kwao haitoshi kwenu. Weka balbu yenye nguvu zaidi, au ulikaribishe jiwe kwenye taa kwa kuongeza matofali chini yake, lakini upime kila unapobadilisha, na uhakikishe hawezi kuigusa balbu, kwa sababu hujiunguza bila kuhisi mapema. Usiku anaweza kuvumilia nyuzi 18 bila shida, ila 15 kila siku ni mzigo kwa mgeni aliyechoka. Tafuta balbu ya kauri inayotoa joto bila mwanga, uifunge kwenye kidhibiti joto. Usitumie ile taa nyekundu ya kulelea vifaranga usiku kucha, kwa maana mjusi huyu huona rangi na mwanga huo humnyima usingizi. Umeme ukikatika usiku, chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo itamvusha hadi asubuhi.

Kuhusu dirisha, jua linalopita kwenye kioo linapendeza machoni petu lakini halimfai, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ya aina ya B, ambayo ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu. Bila miale hiyo mifupa hulainika, taya huvimba na miguu hutetemeka. Taa yake ya pili, ile ndefu, yaelekea ndiyo ya miale hiyo, basi waulize wenyewe wa zamani iliwekwa lini. Taa hizo huendelea kuangaza hata zinapokuwa zimeishiwa miale, na nyingi hubadilishwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Tena dirisha lina hatari nyingine: jua la saa saba likiingia moja kwa moja kwenye sanduku la kioo, humo hugeuka tanuri. Kisogeze kizimba hadi kwenye ukuta wa ndani.

Sasa nije kwenye woga wake. Ulipotupa gogo na vitambaa na kuosha kila kitu, ulimwondolea harufu yake yote kwa siku moja. Mjusi huyu huujua ulimwengu kwa kuulamba, na ndiyo maana utamwona akigusa vitu kwa ulimi anapotembea. Kama gogo bado liko jalalani, lirudishe hata likiwa baya, baada ya kulikung'uta tu. Funika pande tatu za kioo kwa karatasi ya khaki, kwa sababu anapokwaruza kioo huenda anamwona dume mwingine humo, ambaye ni kivuli chake mwenyewe. Ondoa mchanga, hasa sasa ambapo mwili wake ni wa baridi, kwa kuwa akiumeza unaweza kumziba utumbo, kisha utandike magazeti au vigae vilivyokwaruzwa.

Na mtu yeyote asimshike kwa siku kumi hivi, isipokuwa kumpima. Binti yako aketi karibu naye kila jioni akisoma kitabu kwa sauti ya chini, hiyo inatosha. Siku ya kuanza kumshika itakapofika, mkono uingie kutoka ubavuni, upite chini ya kifua. Juu ya kichwa chake kuna doa dogo linalofanana na gamba lililopauka. Hilo ni jicho la tatu lisiloona sura bali mwanga na kivuli, na kivuli kinachoshuka kutoka juu kwake ni mwewe.

Daktari wa mifugo, Njoro

Mama, ndugu wa Kisumu amesema vizuri, nami nitaongeza yanayohusu afya tu.

Kutoka gramu 412 hadi 398 ni upungufu wa takriban asilimia tatu, na sehemu yake yaweza kuwa ni kinyesi na maji tu. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile, na uandike. Akishuka chini ya gramu 371 hivi, yaani akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito aliokuja nao, usiendelee kungoja. Vilevile usingoje, hata uzito ukiwa sawa, ukiona macho yaliyozama, taya lililovimba au laini, miguu inayotetemeka, mabaka ya manjano yenye magamba yanayobanduka, au kinywa kilicho wazi akiwa upande wa baridi. Kinywa wazi chini ya taa si ugonjwa. Ndivyo anavyopunguza joto lililozidi.

Watu watakuambia kwamba amelala usingizi wa msimu wa baridi, nao kweli upo kwa walio wakubwa. Nakusihi usiukubali kuwa jibu kwa mnyama aliyefika juzi, mpaka kinyesi chake kimepimwa. Mijusi wengi waliofugwa hubeba minyoo midogo ya utumbo na vijidudu vya koksidia bila kuonyesha dalili, kisha usumbufu wa safari na baridi huvipa nafasi ya kuzaana. Kinyesi cha kwanza atakachotoa kitie katika kikopo safi, kikae mahali pa baridi pasipoganda, ukipeleke maabara ya mifugo siku hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Egerton hapa Njoro kina kitivo cha tiba ya mifugo, na ni pazuri pa kuanzia kuulizia. Si kila daktari wa mifugo amewahi kumtibu mjusi, lakini yeyote mwenye hadubini na uzoefu wa kuku anaweza kuyatambua mayai ya minyoo na koksidia. Usimpe dawa ya minyoo ya mbwa au ya kuku kwa kukisia. Kuna dawa za kawaida za mifugo ambazo zimewaua reptilia.

Jambo la mwisho ni la nyumba yako. Reptilia wenye afya njema kabisa hubeba bakteria wa salmonela. Binti yako anawe mikono kwa sabuni kila anapomgusa au kugusa vyombo vyake, na vyombo hivyo visioshwe kwenye sinki la jikoni. Kama nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka mitano, huyo asimshike kabisa.

Mwalimu wa Siaya

Ningependa kuzungumzia sahani, kwa siku ile atakapokuwa tayari, kwa sababu hapa kwetu magharibi tumebarikiwa kwa wadudu na kwa mboga, ila si zote zinazomfaa.

Mjusi aliyekomaa si mla wadudu kama mtoto wake. Sehemu nne kati ya tano za chakula chake ziwe majani, na wadudu awapate mara mbili au tatu kwa wiki. Sukuma wiki uliyompa ni nzuri, ila uikate vipande vidogo kuliko unavyokata ya sufuriani, na uchanganye na majani machanga ya kunde, malenge yaliyoparuzwa, majani ya mforosadi kama jirani anao, na maua ya hibiskasi. Maua hayo mekundu ndiyo yaliyomfungua kinywa mjusi wa rafiki yangu baada ya wiki mbili za kukataa, nadhani kwa sababu ya rangi. Karoti iwe kidogo tu. Ile tunayoiita spinachi sokoni ina oksaleti nyingi zinazofunga kalsiamu, na terere vilevile, kwa hiyo zisiwe chakula cha kila siku. Managu mbichi usimpe, kwani hata sisi huichemsha kwanza. Parachichi ni sumu kwake, tunda na majani.

Wadudu wa kuokota ndio wanaonitia hofu zaidi. Panzi wa shambani waweza kuwa wamepita kwenye mimea iliyonyunyiziwa dawa jana, tena hubeba minyoo. Kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua huwa wengi na wanono, na kishawishi ni kikubwa, lakini mafuta yao ni mengi mno kwa mnyama anayekaa ndani, na hujui waliruka kutoka kichuguu kilichowekwa nini. Kimulimuli, yule mdudu anayemeta usiku, asikaribie kizimba hata kidogo, kwa kuwa mmoja tu anaweza kumuua. Afadhali utafute nyenje wa kufugwa. Huku Siaya wapo wakulima wanaowafuga kwa chakula cha watu, na chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo kinachotafiti wadudu kama chakula cha watu na mifugo. Mabuu ya nzi askari mweusi, ambayo wafugaji wa kuku wengi wanayo siku hizi, yana kalsiamu nyingi kiasili, lakini uliza kwanza yamelelewa juu ya nini. Usinunue yaliyolelewa kwenye kinyesi. Mdudu asizidi ukubwa wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Mpe kwa koleo dogo, na yule asiyeliwa mwondoe jioni, kwa maana nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi aliyelala.

Wadudu wapakwe unga wa kalsiamu usio na fosforasi. Chumvi ya mifugo yenye kalsiamu na fosforasi pamoja, inayouzwa agroveti kwa ajili ya ng'ombe, haitamfaa.

Mkaazi wa Njoro

Dada, umetaja bahasha ya karatasi. Naomba uifungue leo. Mnyama wa kigeni wa aina hii hafugwi nchini bila idhini, na kibali kilichoandikwa jina la mtu aliyehama hakikufuniki wewe. Wasiliana na afisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, ueleze ulivyompata na uulize utaratibu wa kukihamisha. Ni heri wewe uwaendee wao kuliko wao wakujie. Na ikitokea siku moja umeshindwa naye, tafadhali usimwachilie kwenye miamba ya Menengai kwa kudhani atajitafutia. Wale mijusi wenye kichwa chekundu tunaowaona wakiota jua maweni ni wa ukoo mmoja naye, na magonjwa aliyo nayo wao hawajawahi kukutana nayo. Yeye mwenyewe hatamaliza juma moja.

Mkaazi wa Section 58, Nakuru

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa siku kumi na mbili kwa sababu nilitaka kurudi na habari badala ya maswali.

Gogo tulilipata. Mlinzi alikuwa amelihifadhi kwa kuni, nami nilikaribia kulia nilipoliona. Tulilirudisha bila kuliosha, tukaondoa mchanga, tukahamishia kizimba kwenye ukuta wa ndani na kufunika pande tatu. Fundi alitufungia balbu ya kauri na kidhibiti joto, na sasa alfajiri hakushuki chini ya nyuzi 19. Tofali moja chini ya jiwe halikutosha, basi tukaweka mawili, na leo linasoma nyuzi 40. Taa ndefu ilikuwa na miezi kumi na tisa. Mpya imeagizwa kutoka Nairobi na imefika jana.

Siku ya nne baada ya joto kusawazishwa, alipanda mwenyewe juu ya gogo, akajilaza bapa kama mkeka, akafumba macho. Ndevu zilikuwa za rangi ya majani makavu. Siku ya sita alitoa kinyesi, nikakipeleka maabara kama ulivyoniagiza, daktari. Walikuta mayai machache ya minyoo midogo na hakuna koksidia, wakasema tusimpe dawa sasa bali tupime tena baada ya mwezi mmoja. Uzito ulishuka hadi gramu 389, na usiku huo sikulala vizuri, ingawa nilijua bado hajafika 371.

Siku ya nane binti yangu alikuwa akimsomea kama kawaida. Alikuwa amemwekea ua moja la hibiskasi kando ya gogo. Aliniita kwa kunong'ona, nikaja nikanyata, na nilipofika petali mbili zilikuwa hazipo na ya tatu ilikuwa ikining'inia mdomoni mwake. Tangu hapo amekula sukuma wiki mara tatu na nyenje saba kwa koleo. Leo asubuhi ana gramu 395. Bado hajakula mkononi, nasi hatujamshika.

Kuhusu karatasi, kibali kipo na kina jina la mwenyewe wa zamani. Nimekwenda afisi ya KWS, wamepokea maelezo yangu na nakala, na nimepewa siku ya kurudi wiki ijayo pamoja na barua ya mwenyewe kuthibitisha kwamba alinikabidhi. Ameshaituma kwa barua pepe.

Ninabaki na swali moja. Mfugaji wa Kisumu, taa mpya nimeifunga juu ya wavu wa kizimba, sentimita 35 kutoka anapolala. Je, wavu huo hauzuii miale?

Mfugaji wa Kisumu

Huzuia, dada, na kwa wavu wenye matundu madogo yaweza kupotea theluthi moja au zaidi. Ifunge taa ndani ya kizimba, chini ya wavu, upande uleule wa taa ya joto, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka mgongoni mwake, ikiwa na kiakisi, yaani bati linalorudisha mwanga chini, juu yake. Iwake saa kumi na mbili kwa siku. Siku mbili za kwanza angalia kama anafumba macho kupita kiasi akiwa chini yake, na akifanya hivyo, ipandishe kidogo.